Kabla ya kupanda Ngong na klabu, pindua raba uangalie soli

Jumamosi alfajiri Nairobi siku hizi ina msafara wake. Saa kumi na mbili asubuhi, tauni bado kuna gizagiza, utakuta vijana wamesimama kwa stegi ya matatu za Ngong wakiwa na kaptura, jaketi nyepesi na chupa ya maji. Hawaendi kazini, hawaendi kanisani. Wanaenda kukimbia. Wengine utawapata kwa lango la Karura wakinyoosha misuli, na wale wenye gari la kuchangia mafuta wameshafika Longonot kabla jua halijachomoza. Miaka michache iliyopita ungemwambia mtu wa rika langu aamke Jumamosi akimbie mlimani angekuuliza kama kuna mtu anakufukuza.

Mimi ni mmoja wao na naipenda hii kitu. Klabu ya kukimbia ndiyo klabu pekee hii Nairobi ambayo baunsa hakukagui mlangoni. Lakini kuna jambo limekuwa likinikera, na naona hakuna anayelisema. Watu wanaalikwa kwenye njia za mawe na matope bila kuambiwa ni njia za mawe na matope. Halafu mtu akiumia, anaulizwa mbona hakuvaa viatu vya maana.

Nitakuambia yaliyonipata. Kazi yangu wakati huo ilikuwa kupeleka mizigo ya maduka ya mtandaoni: natoka tauni na begi, napanda matatu hadi Pangani au Kasarani, halafu natembea mlango kwa mlango. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili wa diploma kwa sababu ya karo, na miguu yangu ndiyo ilikuwa cheti changu. Nikatumiwa ujumbe wa klabu moja: Ngong Hills, kilomita 12, mwendo wa kupiga gumzo, kila mtu karibu. Usiku wa kuamkia siku hiyo kulinyesha. Nikavaa raba zangu nzuri za barabarani nilizookota Toi kwa shilingi 1,800, nyepesi kama mkate wa mayai, soli imelainika kama sahani. Nilijiona mjanja.

Kupanda hakukuwa na shida. Ukipanda mlima uzito wako unakusukuma ndani ya ardhi, kwa hivyo hata viatu vibovu vinajikaza. Shida ni kushuka. Kwenye kilima cha tatu, nyasi zimelowa, chini yake udongo na vijiwe vinavyobiringika, mguu wa kushoto ukaenda kivyake. Nilisikia kifundo kikilia kabla sijasikia uchungu. Nikateremka kwa makalio hadi pale ng'ombe walikuwa wanakula. Kiongozi alikuja, akanipa pole ya kweli, akaniazima fimbo, kisha akasema: "Lakini pia wewe bro, hizi si viatu za huku."

Aki hilo swali lilinichoma kuliko mguu. Kama si viatu za huku, mbona hamkusema jana?

Nilikaa wiki tatu bila kazi. Kazi ya aina ile haina likizo ya ugonjwa. Hupeleki mzigo, hulipwi. Kodi ya mwezi huo nililipa kwa mkopo wa simu, na wewe unajua jinsi mkopo wa simu unavyozaa. Kwa hivyo nikikuandikia habari ya soli na kamba leo, usidhani ni mambo ya fasheni. Kwa vijana wengi wanaokimbia huu mji, kifundo kimoja kikiteguka, chakula cha mwezi kinateguka nacho.

Sasa, kabla hujakimbilia duka, nikupe upande wa pili wa hasira yangu. Wengi wanaouziwa raba za porini hawazihitaji. Tumeanza kuvalishwa kama watu wanaopanda Alps ili tukazunguke Arboretum. Nimewahi kutafutwa na duka moja nipige picha na raba zao za milimani, niandike zimebadilisha maisha yangu, na nilikuwa sijazivaa hata dakika moja. Nilikataa. Si kwa utakatifu, walitaka kunilipa kwa vocha.

Kwa hivyo swali la kwanza si raba gani. Swali ni unakimbia wapi. Njia kubwa za Karura ni pana na zimeshindiliwa. Siku kavu, raba yoyote ya kukimbia iliyo na soli hai inatosha kabisa. Barabara za vumbi kule Iten na Kaptagat, zile tunazoona mabingwa wetu wakipita asubuhi kwa kundi, ni barabara. Zina vumbi, ndiyo, lakini gari linapita. Wanariadha wengi wa marathoni hufanya mazoezi pale na raba za barabarani na hakuna shida. Kama mbio zako ni hizo, hifadhi pesa yako. Ukiisha kusoma hadi hapa umeshaokoa kodi ya bedsita.

Hali inabadilika ukitoka njia kuu. Karura hiyohiyo ikinyeshewa, vile vijia vyembamba vya kushuka mtoni vinakuwa sabuni nyekundu. (Na tukiwa bado Karura: kama si Wangari Maathai na wenzake waliopigwa pale Januari 1999 wakipinga msitu kugawiwa wajenzi, leo tungekuwa tunakimbia kuzunguka ukuta wa nyumba za watu. Kumbuka hivyo ukilalamika kuhusu matope.) Ngong, kutoka kwa mitambo ya upepo kuelekea Kona Baridi, ni kilima juu ya kilima, na kile kirefu kinafika mita 2,460 hivi kutoka usawa wa bahari. Miteremko yake ina vijiwe vinavyoviringika kama gololi. Longonot ni vumbi la volkano lililochimbwa mifereji na maji. Upande wa Kitengela na Kajiado ukiguswa na mvua, ule udongo mweusi unashika kiatu hadi unabeba kilo mbili kila mguu. Huko ndiko raba ya porini inapokuwa kifaa cha kazi.

Tofauti yake na raba ya barabarani ni nini hasa? Ipindue. Raba ya porini ina meno chini. Meno ya milimita 2 au 3 ni ya njia kavu na ngumu, na yanavumilia kipande cha lami. Milimita 4 ni ya mtu anayefanya kila kitu kidogokidogo, na kwa Nairobi ndiyo naipendekeza kwa jozi ya kwanza. Milimita 5 au 6 ni ya matope na nyasi zilizolowa. Lakini usiangalie urefu pekee. Angalia nafasi kati ya jino na jino. Meno yakibanana, udongo unajaza mapengo na baada ya dakika tano una soli laini ya matope. Yakiachana, udongo unajitoa wenyewe unapopiga hatua. Ule udongo wa Kitengela, lakini, hautoki kwa meno yoyote yale. Siku ya mvua kubwa kaa nyumbani ama ukimbie kwa lami.

Kuna wale wanaovaa raba ya meno marefu kwenye lami kutoka nyumbani hadi msituni, kilomita tano kwenda, tano kurudi. Meno yanakatwa na lami kama chaki kwa ubao. Mpira wa chini ukiwa laini, wa kunata, ndio unashika vizuri kwenye jiwe lenye maji, na ndio huohuo unaoisha haraka. Hakuna kiatu kinachokupa yote mawili, na muuzaji akikuambia kipo, muulize bei kisha uende zako.

Baadhi yake zina bamba jembamba la plastiki katikati ya soli, linazuia jiwe lenye ncha lisichome unyayo. Utalihisi ukijaribu kukunja kiatu: kinakataa kidogo pale mbele. Kwa Ngong na Longonot ni kitu kizuri. Kwa Karura ni mzigo wa bure. Halafu kuna zile zisizopitisha maji. Zinavutia sana dukani, hasa mvua za Aprili zikikaribia. Mimi nasema achana nazo, isipokuwa unaenda juu kwenye baridi. Maji ya matope hayaingii kwa kitambaa peke yake, yanaingia kwa juu, pale mguu unapoingilia, ukikanyaga dimbwi moja refu. Yakishaingia hayana pa kutokea. Utakimbia kilomita nane ukiwa na ndoo mbili miguuni. Kitambaa cha wavu kinaingiza maji na kinayatoa, na hicho ndicho tunachotaka.

Tuongee saizi, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanajiumiza na pesa zao wenyewe. Mguu unavimba kadiri siku inavyosonga na kadiri unavyokimbia. Jaribu raba jioni, ukiwa umevaa soksi utakazokimbilia, na usimame, usikae. Mbele ya kidole kirefu zaidi ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Watu wanaona hiyo ni kubwa mno. Subiri uteremke Ngong. Kila hatua ya kushuka inasukuma mguu mbele, na kama hakuna nafasi, vidole vinagonga ukuta mara elfu moja. Kucha nyeusi hazitoki kwa Mungu. Upande wa kisigino nao ni kinyume: kikamatwe. Kisigino kikicheza, malengelenge yako njiani.

Kwa nini basi nasema jaribu, wakati wengi wetu tunanunua mitumba ambapo mtu anakuchungulia ukivua kiatu katikati ya watu? Kwa sababu namba zinadanganya. Arobaini na mbili ya kampuni moja ni arobaini na moja na nusu ya nyingine. Kuna ujanja mmoja nilifunzwa na muuzaji wa Gikomba na hadi leo sijaona bora: toa soli ya ndani, iweke chini, simama juu yake. Kama vidole vyako vinafika ukingoni, hicho kiatu ni cha mtu mwingine. Kama dole dogo linamwagika nje upande, ni chembamba, na hakitapanuka kwa maombi.

Na tuheshimu mitumba. Raba mpya ya porini ya kampuni inayojulikana, ukiikuta kwa mall, bei yake inaweza kulipa kodi ya bedsita na stima juu. Sitaandika kana kwamba kila msomaji wa huu ukurasa ana hiyo pesa. Toi na Gikomba zimevalisha wakimbiaji wengi kuliko mall zote zikiwekwa pamoja, hiyo ni hesabu yangu ya macho. Beli likifunguliwa, zile kamera, yaani zile za kwanza safi, zinaenda na wenye kuuza mtandaoni. Ukienda mapema, ukiwa na subira, utapata Salomon Speedcross, Brooks Cascadia, Saucony Peregrine au Asics Trabuco kwa bei ya kibinadamu. Hayo ni majina ya raba za porini za kweli. Yaandike kwa simu ili usibabaike. Speedcross ina meno marefu, ni ya matope, usiipeleke lami. Hizo nyingine zina adabu ya kati.

Lakini mitumba ina mtego ambao macho hayauoni. Kiatu kinaweza kuonekana kipya kabisa, hata kina kibandiko, na kiwe kimekufa. Ile sponji ya katikati inazeeka hata ikiwa kwa boksi. Kuna aina inayogeuka ngumu kama sabuni ya mche iliyokauka, na kuna aina inayooza kwa unyevu wa hewa hadi inavunjika kama keki, soli ikabaki njiani wewe ukasonga mbele. Imewahi kumpata rafiki yangu Longonot, juu kabisa kwenye ukingo wa kreta. Alishuka na soli imefungwa kwa kamba ya jaketi, tukicheka hadi machozi, yeye hacheki.

Kwa hivyo ukiwa Gikomba, bonyeza sponji kwa dole gumba, kwa nguvu. Inafaa ibonyee kidogo na irudi. Angalia ubavuni: mikunjo mingi mirefu kama uso wa babu maana yake imeshabeba mwili wa mtu kilomita nyingi. Kunja kiatu, kinafaa kukunjika pale vidole vinapoanzia, si katikati kama kitabu. Vuta ncha ya mbele uone kama gundi inaachia. Kisha kiweke juu ya meza au ubao ulio sawa, ukitazame kutoka nyuma. Kikiegemea upande, kilimzoea mwenyewe wa kwanza, na kitakufundisha mwendo wake. Muuzaji atakasirika kwa huo ukaguzi wote. Mwambie ukweli, kwamba unaenda nacho mlimani. Wengi wakisikia hivyo wanakutafutia kizuri.

Kuhusu feki za maduka ya eksibisheni tauni, sina mengi. Kwa kutembea mtaani ni sawa. Kwa mteremko wenye mawe, hapana. Mpira wa chini ni mgumu kama plastiki ya beseni.

Najua kuna msee ameshika kichwa akisema, "Lakini babu zetu walikimbia miguu mitupu." Kweli. Na wapo mabingwa waliokwenda shule pekupeku kilomita nyingi kila siku. Lakini mguu ule ulijengwa kwa miaka kumi na tano, kila siku, kutoka utotoni. Wewe na mimi tumelelewa Umoja na Toughees, tukatembea kwa lami na vigae. Unyayo wangu hauwezi hata kokoto za mfereji. Tena angalia wanaofanya hii kazi kwa kiwango cha juu: Patrick Kipngeno, Mkenya mwenzetu, alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za kupanda mlima mwaka 2022 na tena 2023. Yeye hakupanda pekupeku. Na zile ni mbio za kupanda. Sisi tunaoanguka tunaanguka tukishuka.

Ukishapata raba yako, usiitoe boksi Ijumaa usiku na kuipeleka kilomita 15 Jumamosi. Ivae nyumbani, itoe dukani, kisha mbio mbili tatu fupi. Soksi ziwe za nailoni au sufu. Pamba inakunywa jasho, inakaa imelowa na inasugua ngozi. Zile soksi za pamba za jozi tatu kwa mia ni nzuri za kulala.

Kisha kuna kamba. Raba nyingi za kukimbia huwa na tundu la ziada juu kabisa ambalo watu huliacha wazi kama pambo. Lina kazi. Chukua kamba ya kulia, ipitishe kwenye tundu hilo la kulia bila kuivusha, ibaki kitanzi kidogo. Fanya vivyo hivyo kushoto. Sasa vusha kila kamba, iingie kwenye kitanzi cha upande wa pili, uvute kuelekea chini, ndipo ufunge. Kisigino kinakamatwa kama mtoto mgongoni, na mguu hauteremki mbele kugonga vidole. Ni sekunde ishirini. Ningeijua siku ile, pengine kucha zangu zingepona, ingawa kifundo nadhani kingeenda tu, kwa ile soli.

Na ukishuka, piga hatua fupifupi, za haraka. Ukiogopa, mwili unataka kulala nyuma, na hapo ndipo unaviringika, kwa sababu uzito wako unahama kutoka juu ya meno ya kiatu unaenda kisiginoni. Tazama hatua tatu mbele, usitazame vidole vyako. Ikibidi utembee, tembea. Hakuna medali ya gumzo.

Utunzaji sasa. Nitasema waziwazi kwamba wengi wetu tunaua raba nyumbani. Umerudi na matope, umechoka, unazitupa kwa balkoni. Matope yakikauka ndani ya kitambaa yanakuwa msasa. Kila hatua ya wiki ijayo inasaga nyuzi. Ukifika, gonganisha soli mbili, toa tope kubwa. Toa soli ya ndani na kamba. Maji baridi, sabuni kidogo ya kipande, mswaki wa zamani. Usitie Jik, hata kama ni nyeupe. Usiingize kwa mashine. Usiloweke usiku kucha kama jinzi. Gundi haipendi kulala ndani ya maji.

Kukausha ndiko kwenye dhambi kubwa. Jua kali la saa saba, nyuma ya friji, karibu na jiko, juu ya bati. Joto linalegeza gundi na kukaza sponji. Jaza magazeti ya zamani ndani ya kiatu, hili letu likiwemo, sitajali, uyabadilishe baada ya saa moja mbili yakilowa, na uweke kiatu kivulini panapopita upepo. Kesho yake ziko tayari. Harufu ikibaki, ni ile soli ya ndani. Ioshe peke yake, au ununue nyingine. Kunyunyiza marashi ni kumwambia bakteria karibu.

Fundi wa mtaa ni rafiki, ila muelekeze. Ukimwacha atazishona kuzunguka kwa uzi mnene kama anashona gunia, kwa sababu hivyo ndivyo raba za shule zinavyodumu. Kwa raba ya porini, kila tundu la sindano ni mlango wa maji na soli inakuwa ngumu kukunja. Omba gundi kwanza, aibane usiku mzima. Kitambaa kikitoboka kando, hapo ndipo sindano nyembamba inaruhusiwa.

Zinaisha lini? Kwa kawaida hutajwa kati ya kilomita 500 na 800. Ukikimbia kilomita 10 kila Jumamosi, hiyo ni kama 520 kwa mwaka, kwa hivyo jozi moja ya mlimani tu inaweza kukupeleka mwaka mzima na zaidi. Lakini usihesabu kilomita za mitumba kuanzia sifuri, maana hujui zilitoka wapi. Sikiliza mwili: magoti yakianza kulalamika siku inayofuata bila sababu, au meno yakisawazika pale chini ya dole kubwa, zimestaafu. Zipeleke sokoni za kununua maziwa.

Nirudi kwa klabu, maana hapo ndipo nilianzia. Sitaki mziache. Nataka mambo matatu tu yabadilike, na yote ni ya bure. La kwanza, ule ujumbe wa Ijumaa useme njia ikoje: mawe au udongo, mvua ilinyesha au la, miteremko mingapi mibaya, na kama raba ya kawaida inatosha. Ni sentensi mbili. La pili, pawe na mtu wa kukimbia nyuma kabisa, kila mara, si yule kiongozi mwepesi anayetusubiri kileleni akipiga selfi. La tatu, acheni kuangalia lebo za watu kwenye stegi. Nimeona dada mmoja akirudi nyumbani kabla ya kuanza kwa sababu watu walizichekelea raba zake, na raba zenyewe zilikuwa na meno mazuri kuliko za waliocheka.

Klabu yetu ndogo ya mtaa imejaribu kitu. Tuna gunia moja la raba za ziada, tulizochanga: zile zilizokuwa ndogo, kubwa, au za watu waliohama. Mgeni akija na soli ya sahani, anachagua, anakimbia, anarudisha zimeoshwa. Kuna saizi 38 mbili, 40 moja, na 44 ambayo hakuna mtu ameigusa tangu Machi. Zangu za kwanza za meno, 42, nimeziweka humo wiki hii. Meno yamebaki kama milimita 3, kisigino cha kushoto kimeshonwa kidogo kwa ndani. Zinatosha Karura. Ngong bado zinaweza, kama haijanyesha.